Wiki Moja kwa Gari: Kutoka Ufukwe wa Ziwa Victoria hadi Karagwe na Kyerwa

Mkoa wa Kagera una pande mbili ambazo msafiri wa gari anaweza kuziunganisha kwa wiki moja. Mashariki ni ufukwe wa Ziwa Victoria na mji wa Bukoba. Magharibi ni nyanda za juu za wilaya za Karagwe na Kyerwa, zinazokwenda kuishia kwenye Mto Kagera, mpaka wa Tanzania na nchi za Rwanda na Uganda. Kutoka Bukoba hadi Bugene, jirani na Kayanga ambako ndiko makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, ni kilomita 110 hivi za lami. Kutoka hapo hadi Murongo, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya nchi, ni zaidi ya kilomita 100 nyingine, na sehemu kubwa kati ya hizo kwa miaka mingi imekuwa barabara ya vumbi.

Kwa kuitazama ramani tu, safari yote hiyo ingeisha kwa siku moja. Anayeipanga hivyo hufika Murongo usiku, amechoka, na hakuna alichokiona. Katika wilaya hizi mbili mwendo hupimwa kwa saa, si kwa kilomita, na saa hizo huamuliwa na mambo matatu: umbo la nchi, mvua na hali ya barabara.

Umbo la nchi

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya matuta. Safu za milima mirefu yenye migongo bapa huelekea kaskazini na kusini, na kati yake kuna mabonde yenye mito na vinamasi vya mafunjo. Miamba yake ni ya kale sana, na wanajiolojia wameupa mfumo wake jina la Karagwe-Ankole kwa kuwa unaendelea hadi Ankole nchini Uganda. Mawe magumu yamebaki juu na kuwa matuta, na yale laini yamelika na kuwa mabonde. Miamba hiyohiyo ndiyo yenye madini ya bati, ambayo yamechimbwa Kyerwa tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza hadi leo.

Kwa dereva, jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Barabara inayofuata mgongo wa tuta huenda vizuri na kumpa msafiri mandhari ya mbali pande zote mbili. Inayokata kutoka tuta moja hadi jingine hushuka bondeni, huvuka kalavati au daraja, kisha hupanda tena kwa kona nyingi. Vijiji viwili vinavyoonana kwa macho vinaweza kutenganishwa na mwendo wa saa nzima.

Sehemu kubwa ya wilaya hizi iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hali ya hewa ni ya ubaridi wa wastani, na usiku wa Juni na Julai huhitaji sweta. Tena, kwa kuwa Kagera iko magharibi mwa nchi, jua huchomoza na kuchwa karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Alfajiri huwa nzito zaidi kuliko aliyetoka pwani anavyotarajia, lakini jioni kuna mwanga hadi karibu saa 1.

Msimu wa kusafiri

Kagera hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Septemba hadi Desemba. Ufukweni mvua ni nyingi zaidi. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Karagwe hupata karibu nusu yake. Kwa hiyo mvua kubwa ya asubuhi mjini Bukoba haimaanishi kwamba Kayanga nako kunanyesha.

Miezi mizuri kwa barabara ni Juni hadi Agosti. Vumbi huwa jingi na majani hukauka, lakini barabara zote hupitika na wanyama husogea karibu na maji. Ni wakati pia wa mavuno ya kahawa, na mikeka ya kuanikia hutandazwa mbele ya nyumba nyingi. Januari na Februari ni kipindi kifupi cha ukavu kinachowafaa wanaotaka kuona matuta yakiwa ya kijani. Novemba na Desemba barabara za udongo huwa mbaya, ila ndio msimu mkubwa wa senene. Usiku taa zenye mwanga mkali huwashwa nje, mabati husimamishwa yakiwa yameinama kuelekea kwenye mapipa, na wadudu wanaofuata mwanga hujigonga kwenye bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Asubuhi yake huuzwa sokoni, na baada ya kunyonyolewa mbawa na miguu hukaangwa kwa chumvi katika mafuta yao wenyewe.

Gari na barabara

Kufika Kayanga hakuhitaji gari maalumu. Lami kutoka Bukoba hupita Kyaka, kisha huchukua kilomita 59 kutoka Kyaka hadi Bugene, na gari dogo la kawaida huimaliza bila shida. Kinachohitajika ni breki nzima, kwa sababu kuna miteremko mirefu na malori yaliyojaa ndizi, na kuheshimu kibao cha kilomita 50 kwa saa kila penye makazi. Saa za wanafunzi kwenda na kutoka shule, na za ng'ombe kwenda kunywa maji, barabara huwa ya wote.

Kuelekea Kyerwa mambo hubadilika. Serikali imekuwa ikiweka lami kwa awamu kwenye barabara ya Omugakorongo–Kigarama–Murongo, yenye kilomita 111, na hali yake hubadilika mwaka hadi mwaka. Njia nyingine hupita Omurushaka, Nkwenda, Isingiro na Kaisho hadi Murongo. Kwa njia hizi gari lililoinuka linafaa zaidi, na wakati wa mvua lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne ni lazima. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Dereva mzoefu husubiri saa mbili au tatu jua liukaushe badala ya kujaribu kupanda mlima mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika.

Vifaa vya kubeba si vingi: tairi la akiba lenye upepo wa kutosha, jeki, spana ya magurudumu, kamba ya kuvutia, sepeto na waya wa kuboosti betri. Cha kuongeza ni kipande kinene cha ubao chenye ukubwa wa sahani. Kwenye udongo laini jeki huzama badala ya kuinua gari, na ubao huo ukiwekwa chini yake tatizo huisha. Mafundi wa pancha wapo katika kila mji mdogo. Mafuta yajazwe Kayanga au Omurushaka kabla ya kuelekea Kyerwa, maana huko mbele vituo ni vichache, na petroli inayouzwa kwenye chupa ni ya kununua pale tu inapobidi.

Hifadhi, malipo na mpaka

Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya mkoa huu yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa chini ya TANAPA. Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Pori la Rumanyika Orugundu likawa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe, na Ibanda ikawa Ibanda-Kyerwa. Hizi mbili za mwisho ni ndogo, kila moja ikiwa na chini ya kilomita za mraba 300, na watalii wake ni wachache kulinganisha na hifadhi za kaskazini mwa nchi. Faida yake ni utulivu. Hasara yake ni kwamba huduma ndani ya hifadhi ni chache, kwa hiyo maji, chakula na mafuta huingia na msafiri mwenyewe.

Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu. Mgeni hupewa namba ya malipo, yaani kontroli namba, na kulipa kwa simu, benki au kadi. Ni busara kuwasiliana na ofisi ya hifadhi siku moja au mbili kabla, kwa sababu mbili. Mtandao wa simu getini unaweza kusumbua, na askari wa hifadhi ndio wanaojua barabara ipi ya ndani inapitika wiki hiyo.

Anayetaka kuvuka Mto Kagera pale Murongo kwenda Kikagati, Uganda, anahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bima ya gari inayotambulika upande wa pili. Asiyevuka awe na kitambulisho cha taifa mfukoni, kwani katika ukanda wa mpakani kukaguliwa ni jambo la kawaida.

Ratiba ya siku saba

Siku ya kwanza ni ya Bukoba. Mji hufikika kwa ndege, kwa barabara, au kwa meli ya usiku kutoka Mwanza. Ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, kikiwekwa na Emin Pasha, na hadi leo majengo ya enzi hizo yamebaki karibu na ziwa. Katika Kanisa Kuu la Katoliki umelazwa mwili wa Laurean Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, aliyeteuliwa mwaka 1960. Mbele ya mji kuna kisiwa cha Musira, kinachofikika kwa mtumbwi wa injini. Kusini kidogo, upande wa Maruku, ni Katuruka, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya ufuaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Jioni ni ya kula sato au sangara ufukweni na kukagua gari.

Siku ya pili ni ya kupanda kwenda Karagwe kupitia Kyaka. Mwendo wenyewe ni wa saa mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo kuna nafasi ya kusimama Kyaka, panapovukwa Mto Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo hili mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba yakalilipua daraja la hapo. Vita hivyo vilimalizika mwaka 1979 kwa kuanguka kwa utawala wa Amin, na ndipo mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Baada ya Kyaka barabara huanza kupanda, migomba inaongezeka, na hewa inabadilika. Makazi ya usiku huu na wa siku mbili zinazofuata ni Kayanga au Omurushaka, miji iliyo karibu karibu na yenye gesti, benki, maduka na mafundi.

Siku ya tatu ni ya historia ya ufalme wa Karagwe. Bweranyange ndiko yalikokuwa makao ya watawala wa ukoo wa Abahinda. Maarufu zaidi kati yao nje ya Karagwe ni Rumanyika, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 19. Novemba 1861 aliwapokea Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant aliugua mguu na ikabidi abaki kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa mfalme. Henry Morton Stanley naye alifika mwaka 1876, na aliandika juu ya hazina ya Rumanyika yenye mikuki na sanamu za ng'ombe za chuma na shaba, alama za mamlaka katika nchi ya wafugaji na wafua chuma.

Wazungu hao hawakuwa wa kwanza kutoka mbali. Kafuro, karibu na makao ya mfalme, tayari kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walioleta nguo na shanga na kununua pembe za ndovu, na Speke alifika kwa kufuata njia yao ya misafara kutoka Tabora. Mgeni asitarajie jumba lililosimama Bweranyange, kwani majengo ya zamani yalikuwa ya miti na nyasi. Anachohitaji ni mwenyeji anayejua maeneo, na njia sahihi ya kumpata ni kuanzia ofisi ya kijiji au ya utamaduni wilayani.

Siku ya nne ina chaguo mbili. Ya kwanza ni Hifadhi ya Rumanyika-Karagwe, yenye vilima, misitu na nyanda za majani kuelekea mpaka wa Rwanda. Ya pili ni mashamba ya kahawa na migomba. Robusta ndiyo inayolimwa zaidi, ikichanganywa na migomba na maharage katika shamba moja, na kwa kawaida huuzwa kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha KDCU. Mkulima akikubali kumtembeza mgeni, huenda akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Hiyo ni buni changa ya robusta iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa na kuwekwa katika kikapu kidogo cha kusuka. Mgeni huchukua punje moja au mbili, huzitafuna polepole, na uchungu wake hutanguliwa na harufu ya majani. Zamani buni moja yenye punje mbili ndani iligawanywa kwa watu wawili waliochanjiana damu na kuwa ndugu.

Siku ya tano ni ya kuingia Kyerwa, wilaya iliyotengwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kuondoka saa 12 na nusu hadi saa 1 asubuhi kunafaa. Njia ya Nkwenda na Isingiro hupita kwenye migomba mingi na masoko ya vijijini. Kituo kikubwa cha siku ni chemchemi za maji moto za Mtagata, zilizo katika bonde lenye miti. Maji yake yana joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi panapobubujika, kwa hiyo wanaooga husubiri pale yalipopoa au huyachanganya. Stanley alizitembelea mwaka 1876 na kukuta wagonjwa wamepiga kambi wakitafuta nafuu, na imani hiyo ya tiba bado ipo. Wanaooga hapo wanastahili faragha, na picha hupigwa baada ya kuomba ruhusa. Usiku huu hulalwa Isingiro, Kaisho au Murongo, kulingana na hali ya barabara.

Siku ya sita ni ya mto. Mto Kagera hutoka Rwanda na Burundi, hupita mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kisha Tanzania na Uganda, na hatimaye humwaga maji Ziwa Victoria. Vyanzo vyake huhesabiwa kuwa vya mbali zaidi katika mfumo wa Nile. Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa iko kwenye kona ya mto huu, ikitazamana na Hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Viboko na mamba wapo mtoni, na nyati na swala pala kwenye nyanda. Mbugani wanyama huonekana vizuri asubuhi mapema na jioni, hivyo saa za mchana zinaweza kutumika Murongo, penye daraja la kwenda Kikagati na mradi wa umeme wa maji unaohudumia nchi zote mbili.

Jambo moja la kuangalia mtoni ni saa ya simu. Simu ikishika mtandao wa Rwanda hurudi nyuma saa moja, na ikishika wa nje wowote inaweza kumaliza salio. Kuzima huduma ya mitandao ya nje na kuweka saa kwa mkono huondoa usumbufu huo.

Siku ya saba ni ya kurudi, na haipangiwi kitu kingine. Aliyekwenda kwa njia ya Nkwenda arudi kwa njia ya Kigarama, ili asipite mahali pamoja mara mbili. Murongo hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 200, na kwa kiangazi ni mwendo wa siku nzima isiyo na haraka. Asiyerudi Bukoba ana njia ya kusini kutoka Bugene hadi Kasulo na Benaco, wilayani Ngara, kisha Rusumo, penye maporomoko na mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Anayevuka hapo akumbuke kwamba Rwanda huendesha upande wa kulia.

Chakula, malazi na afya

Chakula cha kila mahali ni ndizi za kupika pamoja na maharage, nyama au samaki. Hupikwa kwa muda mrefu, hivyo kuagiza kabla ya kuanza matembezi ni bora kuliko kusubiri ukiwa na njaa. Barabarani kuna ndizi za kuchoma, karanga, parachichi na mananasi. Rubisi, pombe ya ndizi, hutolewa kwenye sherehe na hupatikana vilabuni, lakini dereva aiache hadi gari lilale.

Gesti za Kayanga na Omurushaka ni nyingi, na nafasi husumbua tu kunapokuwa na mikutano mikubwa. Kyerwa ni chache na nyepesi zaidi, kwa hiyo inafaa kupiga simu kabla. Chandarua, tochi na betri ya akiba ya simu viwe ndani ya begi.

Malaria ipo mwaka mzima, na mbung'o hupatikana ndani ya mapori. Kagera imekumbwa na ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba na mapema 2025 wilayani Biharamulo, na mara zote mlipuko ulitangazwa kuisha ndani ya miezi michache. Popo ndio wanaohifadhi virusi hivyo, kwa hiyo mapango yenye popo si ya kuingiwa. Kwa dharura, hospitali za kukumbuka ni Nyakahanga kwa upande wa Karagwe na Isingiro kwa upande wa Kyerwa.

Kupanga fedha

Gharama kubwa ni gari na mafuta. Njia nzima, pamoja na michepuko ya hifadhini, Bweranyange na Mtagata, hufika kilomita 500 hadi 600. Kwenye vumbi na milima gari hutumia mafuta mengi kuliko kwenye lami tambarare, hivyo hesabu ya lita iongezewe theluthi moja. Malazi, chakula, viingilio na malipo ya wenyeji wanaoongoza hufuata. Fedha taslimu zitolewe Kayanga kabla ya kwenda Kyerwa, na ziwe za noti ndogo, kwani masokoni chenji ni adimu.

Mwisho, ratiba iachwe na nafasi. Wakati wa kiangazi nusu siku ya akiba inatosha. Wakati wa mvua iwe siku nzima, na cha kukatwa kwanza kiwe Ibanda-Kyerwa, kwa kuwa barabara zake za ndani ndizo za kwanza kuharibika. Wiki ikibaki na siku tano tu, Bukoba, Kayanga, Bweranyange na mashamba ya kahawa vinatosha kujaza safari kamili bila kuliacha eneo la lami kwa mbali.